Naombeni ushauri: picha ya zamani ya ufukwe wa Brighton, niisafishe au niache?

MamaTunu: Wakuu habari za jioni. Niko Brighton huku Uingereza, kazi yangu kuangalia wazee. Kuna bibi nilimhudumia miaka mitatu, alipofariki binti yake akanipa picha ya rangi za mafuta iliyokuwa sebuleni, eti mama alisema iwe yangu. Ni ufukwe, wavuvi wanavuta mashua, wingu limeshuka, kwa mbali gati refu limeshikwa na minyororo. Saini hamna. Imekuwa kahawia kama iliyokaa jikoni kwa kuni, sasa jana nikalowesha pamba kwa mate nikasugua kakona kamoja, pamba ikatoka nyeusi na mbingu ikapata nuru kidogo, moyo ukanienda mbio. Niendelee na sabuni? Siuzi, naipenda mno.

Mwanapwani: Dada weka pamba chini tafadhali! Maji yakipenya kwenye nyufa rangi inabanduka magamba magamba. Mate yametoa masizi tu, huo unjano uliobaki ni vanishi ya utomvu wa miti, ikizeeka inageuka hivyo, na kuitoa ni kazi ya fundi wa picha maana ukikosea inaondoka na rangi.

Kibuyu: Gati la minyororo Brighton ni Chain Pier hilo, lilifunguliwa 1823, dhoruba ikalibomoa 1896. Mchoraji Mwingereza John Constable alionyesha picha yake ya hapo 1827, alikuwa anampeleka Brighton mkewe Maria aliyeugua kifua kikuu. Sisemi yako ni ya kwake, wengi walilichora. Geuza nyuma uone mhuri, na kama kanvasi, yaani kitambaa kilichochorewa, imebanwa kwa pini za stepla basi ni ya juzi juzi tu.

MamaTunu: Ni vimisumari vimeshika kutu. Mhuri umefifia ila nasoma BROWN na HIGH HOLBORN.

Kibuyu: Aisee! Huyo ni Thomas Brown wa mtaa wa High Holborn, London, muuza kanvasi, hata mchoraji maarufu Turner alinunua kwake. Mhuri hautaji mchoraji ila zama ndizo zenyewe. Mpelekee mtu wa makumbusho aitazame.

Bi_Rehema: Mwanangu, kwanza muombe huyo binti akuandikie barua kwamba amekupa, na mkuu wako wa kazi ajue. Sisi wa kazi hizi zawadi ya mgonjwa inaweza kukuletea kesi.

MamaTunu: Hilo sikuliwaza kabisa, asante mama. Kesho asubuhi nampigia. Picha nimeshaiondoa juu ya hita, iko ukuta wa chumbani, na ile pamba nimetupa.