Sindano tatu, wiki mbili, hakuna aliyempima mbwa wangu hata homa!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Mbwa wangu Simba ana miaka 4, koko wetu huyu huyu wa kawaida, amekulia hapa hapa Mbezi. Ukigusa tu sufuria ya ugali na dagaa, yuko mlangoni. Siku moja akanusa chakula, akarudi kulala. Kesho yake vilevile. Geti linagongwa, habweki. Nikamshika masikio, yanachoma.

Nikamwita "daktari wa mifugo" wa mtaani, yule anayechanja mbwa wa majirani wote. Kaja na pikipiki, kamwangalia kwa mbali: "Minyoo hiyo." Sindano, 30,000. Siku ya nne karudi: "Basi baridi imempata." Antibiotiki na vitamini, 30,000 nyingine. Mara ya tatu, baada ya sindano: "Huyu kalishwa sumu." Nikaanza kumnunia jirani yangu, mzee wa watu asiye na kosa lolote!

Siku ya 12 Simba akatokwa damu puani. Haikati. Sakafu nzima ya baraza damu.

Asubuhi nikampakia kwenye bajaji mpaka kliniki yenye maabara. Daktari wa pale, dada mmoja mtulivu, kabla hajaniuliza jina la mbwa alishamfunua mdomo. Fizi nyeupe! Akamgeuza, tumboni kuna vidoa vyekundu vidogo vidogo. Mimi nilidhani mbu, kumbe ni damu inavujia chini ya ngozi. Kipimajoto kikasoma 40.3, wakati mbwa mzima huwa kwenye 38 na 39 hivi. Akachukua damu, na mchana ule ule nikapata jibu: erlikia. Ni bakteria anayeletwa na kupe wa kahawia, hawa hawa wanaojificha kwenye nyufa za banda. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zilikuwa zimeshuka vibaya mno, ndiyo maana pua ilivuja. Tiba ni doksisaiklini, siku 28. Dawa ambayo duka la dawa la hapa mtaani wanayo!

Sasa niambieni, unatibu mbwa Dar es Salaam, mji uliojaa kupe, na kupe hawakuingii akilini hata mara moja? Kufunua mdomo wa mbwa kunagharimu nini? Sheria ya Veterinari ipo tangu 2003, na daktari anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Nilimpigia yule bwana kumwomba namba yake ya usajili. Akakata simu, na mpaka leo hapokei.

Simba yuko siku ya 9 ya dawa. Jana jioni alibweka, mara moja tu, akalala tena.

Wangapi humu mliambiwa "sumu" mkamzika mbwa wenu bila tone la damu kupimwa?