"Kisa cha kweli" cha askari wa farasi jangwani: nimepigwa mchana kweupe

Wakuu, nina hasira na sitaki mtu aje kuniambia "hiyo ni muvi tu".

Nimelipia filamu ya makauboi: askari wa farasi wa Marekani wamepotea jangwani, maji yamewaishia. Mambo haya nayapenda tangu enzi za kibanda umiza, nikiona farasi na vumbi nimeshakaa kitako. Inaanza tu wanakuandikia kwa herufi kubwa: imetokana na kisa cha kweli, Texas, 1877. Nikasema leo ndiyo leo.

Kisa chenyewe nakijua. Julai 1877, mwaka wa ukame, Kapteni Nicholas Nolan na Kompania A ya Rejimenti ya 10 ya wapanda farasi waliingia uwanda wa Llano Estacado pamoja na wawindaji wa nyati, wakiwafukuzia Wakomanchi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Wakapotea. Askari walikaa saa 86 bila maji. Walikunywa damu ya farasi wao, wakanywa mkojo. Mate yaliwakauka mpaka mkate haumezeki. Wanne kati yao hawakurudi, na mwindaji mmoja.

Na hao askari, ukiwatoa maofisa, walikuwa weusi watupu. Ndio walioitwa Buffalo Soldiers. Haya, humu ndani weusi wako wangapi? Mmoja! Anapika, anacheka cheka, nyoka anamgonga, kwisha habari yake hata saa moja haijafika. Kisa ni chao, kiu ilikuwa yao, waliokufa ni wao, halafu stelingi ni mzungu ambaye nywele hazijamchafuka tangu mwanzo hadi mwisho.

Najua mtaleta utetezi wa bajeti. Farasi sita wanaitwa "kompania", sawa, nimemeza. Alama za matairi kwenye mchanga nyuma ya kapteni, nimemeza pia. Lakini kiu inauzwa shilingi ngapi? Kuigiza kiu ni bure kabisa.

Kuna sehemu wanagawana matone ya mwisho. Kamera imesogezwa karibu, chupa ya bati inapita mkono kwa mkono, na unaisikia inalia tupu kabla hata wa kwanza hajaigusa mdomoni. Wa pili anajifanya anameza, koromeo halichezi. Wa tatu anajifuta kidevu kwa mgongo wa mkono kama katoka kumaliza bia. Midomo yao laini, haina hata mpasuko mmoja. Wamepakwa mafuta usoni wang'ae eti jasho, wakati mtu aliyekaukiwa kiasi hicho hata jasho lenyewe linapungua.

Farasi ndio wameniudhi zaidi. Farasi wa kazi kwenye joto anaweza kunywa lita 40 na zaidi kwa siku, kwa hiyo jangwani anakuwa tatizo mapema sana. Humu hakuna anayewauliza hali. Wamenona, wanang'aa, siku ya mwisho wanakimbia mbio za nguvu. Na ile ya kumchinja farasi wako mwenyewe ili unywe damu, ambayo ndiyo moyo wa kisa kizima, haimo! Waliogopa, au hela ya rangi nyekundu ilikosekana?

Mazingira nayo. Llano Estacado ni tambarare, unatazama pande zote huoni cha kukushika macho, ndiyo maana watu wazima wenye kiongozi wa njia walipotea. Hawa wamezungukwa na vilima! Jiwe moja lenye ufa tumelipita siku ya kwanza, tukalipita tena siku ya tatu, na hakuna mhusika anayeshtuka, maana kwao ni jiwe jipya. Wakapanda na yale madungusi marefu yenye mikono, saguaro, ambayo kwao ni Arizona na Sonora, wala si Texas. Moja linayumba upepo ukipiga. Stelingi analikata, yanatoka maji meupe kama ya bomba, anakunywa, anapona. Jaribu kunywa utomvu wa dungusi uone utakavyotapika hata yale maji kidogo uliyobaki nayo.

Bunduki sitaki hata kuanza. Springfield ya 1873 ya askari wa farasi ilikuwa ya risasi moja moja, huyu kafyatua mpaka nikaacha kuhesabu.

Wakomanchi ni watu watatu wenye mawigi, kazi yao kupiga kelele mlimani. Quanah Parker mwenyewe, chifu wao, alikuwa kwenye uwanda ule kiangazi hicho, akiwatafuta watu wake awarudishe kwenye eneo walilotengewa na serikali. Filamu ilikuwa hapo, jamani, hata bila kufyatua risasi.

Nimeomba hela yangu irudi. Wamenijibu hairudi kwa sababu nimetazama zaidi ya nusu. Sasa nisingetazama, ubovu wake ningeujulia wapi?