Spea mbili kwenye Hardtop 78: mlangoni, juu ya keria, au mikono ya kufunguka kwenye bampa?

Mkonga_Arusha

Wakuu, naomba mawazo kabla sijapeleka gari kwa fundi. Ni Toyota Land Cruiser HZJ78 (Hardtop) ya kazi ya utalii, paa la kunyanyuka. Spea, yaani tairi la akiba, iko mlangoni nyuma kama ilivyotoka kiwandani. Njia ya Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, wengi mnaifahamu, ile mikunjo ya barabara inatikisa kila kitu kilichofungwa kwa bolti, na bati la mlango wangu limeanza kuchanika kuzunguka bawaba ya chini. Juu ya hilo nataka spea ya pili. Ukipasua matairi mawili upande wa Lobo, unakaa hapo na wageni mpaka apite mwenzako.

Natumia 7.50R16 kwenye rimu za chuma, na tairi moja na rimu yake linakaribia kilo 35. Naona njia tatu: kuimarisha mlango na spea ya pili iende juu, zote mbili juu ya keria ya paani, au bampa mpya ya nyuma yenye mikono ya kubeba spea inayofunguka pembeni. Mliotumia, nipeni uzoefu. Gharama najua zinatofautiana, kwa hiyo nijibuni zaidi kuhusu uimara.

BintiIringa

Habari kaka. Mimi naendesha Ruaha na spea zangu ziko juu ya keria. Wakati wa kiangazi siyo mbaya, lakini fikiria vitu viwili. Kwanza, nani atalishusha? Kilo 35 kutoka juu ya Hardtop, ukiwa peke yako, jua la saa saba, na tembo hawako mbali. Mimi nahitaji mtu wa pili kila mara. Pili, uzito wa juu unausikia gari likiegemea upande mmoja kwenye korongo. Na wewe una paa la kunyanyuka, hiyo keria utaiweka wapi? Kwenye boneti watu hufunga spea, ila inakuziba macho.

Chini ya gari pia usahau. 78 yenye matangi mawili ya dizeli, lile la nyuma limeshakaa huko.

Landi_Nanyuki

Boss, mimi niko na Land Rover Defender 110 na shida ni ile ile. Mlango wa nyuma wa Landi ni alumini juu ya fremu nyembamba ya chuma, ukiweka tairi kubwa unapasuka pale spea imefungwa. Wengi huku wametengeneza fremu inayoshikwa upande wa bawaba za mlango na kushuka hadi kwa chasisi, halafu inaunganishwa na mlango kwa kiungo kidogo. Ukifungua mlango, spea inafuata yenyewe. Mkono mmoja umebeba chakula, mwingine unafungua, hakuna kuhangaika na lachi (vifungio) mbili.

Kwa Land Cruiser sijaiona ikifanywa vizuri, lakini wazo ni hilo: mlango usibebe kitu, ufunguke tu.

FundiChuma_Gerezani

Mkuu, kuimarisha mlango ni kuhamisha ufa. Ukichomelea bamba nene kwenye bati jembamba, mwaka kesho bati litachanika mahali bamba linapoishia. Nimewapokea wateja wengi wa namna hiyo. Spea zitoke mlangoni, ziende kwenye chasisi kupitia bampa.

Kwa 78 ningefanya mikono miwili, mmoja kila kona, kila mmoja na spea yake. Mkono mmoja wa kubeba spea mbili utakuwa mrefu na mzito, na gari likisimama mteremkoni ukaufungua, utamgonga mtu. Mikono miwili inafunguka kama milango yenyewe, na ekseli ya kila mkono (chuma cha wima ambacho mkono unakizungukia) ikikaa kona kabisa, nje ya bawaba ya mlango, mlango unafunguka wote.

Bampa iwe ya mraba (bomba la pembe nne) wa milimita 100 kwa 50 au zaidi, unene milimita 4, ishikwe kwenye chasisi kwa mabamba ya milimita 8 na bolti za M12 za daraja 8.8 au 10.9. Usikubali fundi aichomelee chasisi moja kwa moja. Mkono wenyewe, mraba wa 50 kwa 50 wa milimita 3 au 4 unatosha, ila kona ya wima na ulalo lazima iwekewe pembetatu ya bamba. Pale ndipo panapokatika.

Sasa ekseli, na hapa ndipo kazi ilipo. Mimi natumia habu ya trela ndogo, beringi mbili za koni, LM67048 chini na LM11949 juu. Zinapatikana kila duka la spea na ukikaza nati vizuri hakuna mchezo hata kidogo. Ekseli ipite ndani ya bampa, itobolewe juu na chini, ichomelewe pande zote mbili. Ukiichomelea juu ya bampa tu, unaiachia weldi moja kazi ya kupinda. Chuma cha ekseli ni kigumu kuliko cha mraba, kwa hiyo kipashwe moto kwanza na kitumike kijiti cha kuchomelea cha 7018 kilichokauka, siyo 6013.

Mkerezaji_Moro

Nakubaliana na fundi kwa yote isipokuwa habu. Tupige hesabu. Tairi la kilo 35, katikati yake iko kama nusu mita kutoka kwenye ekseli. Beringi za habu ya trela zinaachana takriban sentimita 6. Mkono ukiwa wazi, kila beringi inasukumwa pembeni kwa nguvu ya kilo 290 hivi. Hiyo ni gari likiwa limesimama.

Chukua sasa pini ya milimita 30 kwenye bomba lenye bushi mbili za bronzi zilizoachana sentimita 20. Nguvu ile ile inashuka hadi kilo 87 kwa kila bushi. Vumbi likiingia, unapiga grisi kwenye nipo (kichuchu cha kuingizia grisi) mpaka grisi chafu itoke, unaendelea na safari. Beringi ikiingiwa na maji na mchanga inakula njia yake na hutajua mpaka ianze kulia. Bushi naikereza mwenyewe kwa saa moja, popote penye mashine.

FundiChuma_Gerezani

Hesabu yako ni sahihi, ndugu, na sikatai kwamba pini ndefu inagawa nguvu vizuri. Lakini tazama uwazi. Bushi ili izunguke lazima iachiwe nafasi, na ikishatumika uwazi ukifika milimita 0.3 kwenye urefu wa sentimita 20, ncha ya mkono wa sentimita 90 inacheza zaidi ya milimita moja. Kwenye lami si kitu. Kwenye barabara ya Serengeti hiyo milimita moja inakuwa nyundo, inapiga lachi kutwa nzima.

Na beringi haibebi peke yake ule mzigo wakati gari linatembea. Mkono ukifungwa unakaa juu ya kiegemeo.

Mkerezaji_Moro

Hapo kwenye kiegemeo ndipo tunakutana, na ningependa mwenye gari asikilize hapa kuliko kwenye ekseli. Nimeona mikono yenye habu nzuri sana ikikatika kwa sababu ncha yake ilishikwa na lachi peke yake. Lachi kazi yake ni kuvuta. Uzito ubebwe na kibamba chenye mteremko kwenye bampa, ili mkono ukija kufungwa upande kidogo, milimita 2 au 3, ukalie hapo kwa nguvu. Juu yake weka kipande cha plastiki ngumu au mpira wa mkanda wa mashine. Hapo nusu ya uzito inatoka kwenye ekseli, iwe habu au bushi.

Landi_Nanyuki

Na lachi iwe ile ya kuvuta yenye ndoano, ya kurekebishika kwa nati, sio komeo la geti. Mpira wa kiegemeo ukilika, unazungusha nati mara moja na mkono umekaza tena. Halafu weka pini ya pili ya usalama. Lachi ikifunguka njiani na spea itoke nje upande wa pikipiki, hiyo ni maisha ya mtu.

BintiIringa

Mniruhusu niulize, shokapu ya gesi ya kushikilia mkono ukiwa wazi inafaa? Nimeiona kwenye bampa za Australia.

FundiChuma_Gerezani

Inafaa dada, lakini kwa vumbi letu mhimili wake unachubuka haraka na gesi inatoka. Mimi naweka pini yenye springi inayodondoka kwenye tundu, matundu mawili: nyuzi 90 na nyuzi kama 120. Haina cha kuharibika.

Mkerezaji_Moro

Jambo jingine ambalo halijatajwa: uzito wa nyuma. 78 ina mita 2.98 kati ya ekseli na ekseli. Kila kilo 100 utakazoning'iniza mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma zinaiongezea ekseli hiyo kilo 144, na za mbele zinapungua 44. Kwa hiyo bampa isiwe na urembo wa chuma usio na kazi, na matairi yakae karibu na milango kadiri inavyowezekana, sentimita chache tu za nafasi. Springi za nyuma ziangaliwe kabla, siyo baada.

Mkonga_Arusha

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Keria nimeiacha, mlango nimeuacha. Naenda na mikono miwili, habu, kwa sababu moja: beringi nikiwa Karatu au Mto wa Mbu naipata dukani, na sihitaji kutafuta mashine ya kukereza. Lakini kiegemeo nitafanya kama Mkerezaji alivyosema, na nitasimama pale fundi akikichomelea.

Stadi (bolti) za kufungia spea nimeambiwa ziwe M14 kwa 1.5, matundu matano kwenye duara la milimita 150, sawa na za gari, ili spana ile ile ifanye kazi. Swali la mwisho: namba ya gari na taa yake ziende wapi? Tairi la kushoto litaifunika kabisa ilipo sasa.

FundiChuma_Gerezani

Katikati ya bampa, chini ya mahali mikono inapokutana. Usiiweke kwenye mkono, maana waya wa taa utapinda kila ukifungua na siku moja utakatika ndani ya mraba ambako huuoni. Taa za nyuma zenyewe pima kabla ya kukata chuma: simama mita kadhaa nyuma, kisha pembeni kidogo kila upande, uone kama tairi linaziba indiketa. Likiziba, sogeza taa ziingie kwenye bampa. Na mwambie fundi atoboe tundu dogo chini ya kila mraba kabla ya rangi, maji yatoke.