Mafundi, acheni kuuzia watu throtobodi nzima kwa TPS ambayo hamjaipima!

Wakuu, hili limepitiliza. TPS ni sensa inayoiambia kompyuta ya gari umekanyaga mafuta kiasi gani, na imefungwa kwenye throtobodi, yaani mlango wa hewa ya injini. Gari linaingia gereji linashtuka ukikanyaga mafuta kidogo, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, gia za otomatiki zinachelewa au zinaingia kwa kishindo. Fundi anasikiliza kidogo, anatangaza: plagi. Plagi zinabadilishwa, gari liko vile vile. Inafuata koili, kisha pampu ya mafuta, na mwisho "tafuta throtobodi nyingine." Mwenye gari ameshalipia spea nne, kumbe ugonjwa uko kwenye TPS, kile kidude cha plastiki chenye skrubu mbili ubavuni mwa throtobodi. Multimita ipo gereji muda wote huo na hakuna aliyeigusa.

Hapa nazungumzia gari zenye kebo ya mafuta, yaani waya wa chuma kutoka pedali hadi throtobodi: Corolla 110, Noah za zamani, RAV4 za miaka ya 90 na ndugu zao. Ndani ya TPS kuna njia ya kaboni na ulimi mdogo wa chuma unaotembea juu yake kipepeo (kibao cha ndani ya throtobodi kinachopitisha hewa) kinapofunguka. Kompyuta inapeleka volti 5 upande mmoja, upande wa pili ni ethi (waya wa hasi), na ulimi unarudisha volti za katikati, ndiyo sinyo: karibu 0.5 kipepeo kikiwa kimefungwa, kwenye 4 hivi kikiwa wazi kabisa. Kaboni hulika pale inaposuguliwa zaidi, yaani kuanzia sailensa hadi kama robo ya pedali, maana ndiko mguu unakoshinda kwenye foleni. Volti zikidondoka ghafla hapo, kompyuta inaamini umeachia pedali, inakata petroli, gari linashtuka. Mdondoko ukiwa mfupi sana, taa ya injini haiwaki kabisa. Kwa hiyo "nimepiga mashine ya kusoma makosa, haina kosa" SIO JIBU.

Pimeni hivi. Swichi ON, injini imezimwa, soketi ikiwa imechomekwa. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, pembeni mwa waya. Usitoboe waya, unyevu utaingia na kutu itaula. Anza na volti 5. Zisipokuwepo, usinunue TPS! Chomoa sensa nyingine zinazotumia laini hiyo hiyo moja moja, kwa sababu sensa moja iliyopiga shoti inaua volti za zote. Kisha ethi: kati ya waya wake na hasi ya betri isizidi volti 0.1. Ndipo uhamie waya wa sinyo, ufungue kipepeo polepole mno kwa mkono, kwenda na kurudi. Volti zipande bila kuruka wala kukwama. Mita ya mshale inaonyesha mdondoko vizuri kuliko ya namba, ambayo huchelewa kusoma. Gongagonga sensa kwa mpini wa bisibisi na tikisa waya huku unaangalia.

Na hizo namba za makosa ambazo kompyuta inahifadhi zisomeni kwa akili. P0122 ni sinyo iliyo chini mno, P0123 ni iliyo juu mno. Ethi ikikatika tu, sinyo inapanda kuelekea 5 na sensa ni nzima. Kwenye gari zenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS ndani ya boneti, unganisha TE1 na E1, uwashe swichi, uhesabu mimweko ya taa ya injini: mimweko minne, kituo, mmoja. Hiyo ni 41, saketi ya TPS. Kipande cha waya kinatosha.

Kinachokera kuliko yote ni kukaza skrubu ya kizuizi cha kipepeo ili "kupandisha sailensa." Ile imewekwa kiwandani! Ukiizungusha, kipepeo hakifungi tena, volti za chini zinapanda, kompyuta haijui kama mguu umetoka, na hata TPS mpya haitakaa sawa. Sailensa ikisumbua, safisha throtobodi na valvu ya sailensa, tafuta mpira unaovuta hewa.

Kubadilisha ni dakika chache. Toa hasi ya betri. Tumia bisibisi inayokaa barabara, vichwa vya skrubu hizo ni laini na vikiliwa ndiyo throtobodi inaishia kung'olewa kweli. Kipepeo kikiwa kimefungwa, weka sensa ikiwa imepinda kidogo, kishikio chake kishike mhimili wa kipepeo, kisha izungushe mpaka matundu yalingane. Usikie springi inavuta. Ukiilazimisha upande usio wake, inavunjika. Matundu yakiwa marefu, sensa inarekebishwa: izungushe mpaka volti za kufungwa zifike kipimo cha injini hiyo, kaza kwa mkono, pima tena.

Gari za kipepeo cha umeme ni habari nyingine. Zina sinyo mbili zinazolinganishwa, na P2135 inasema hazikubaliani. Huko mara nyingi sensa haiuzwi peke yake, kwa hiyo throtobodi nzima ni halali, lakini baada ya kupima waya na soketi. Na msisukume kipepeo kwa kidole swichi ikiwa ON.

Wanunuzi wa spea za mtumba, nendeni dukani na mita. Kati ya pini ya volti 5 na ya ethi, Toyota nyingi za aina hii husoma kilo-ohm 2.5 hadi 6. Hamisha mita kwenye pini ya sinyo na ethi, zungusha polepole. Ikiruka mara moja tu, mrudishie muuzaji hapo hapo kabla hela haijatoka.