Ushauri: nikubali kuongoza timu ya kelele za meli, au nihamie kwenye nyambizi?

Mtetemo: Wakuu, habari zenu. Nipo Southampton, Uingereza, kwenye kampuni inayopunguza kelele za meli. Kazi yangu ni vifaa: kuteremsha haidrofoni (maikrofoni za chini ya maji), kubandika sensa kwenye injini, kisha kukodolea macho grafu. Sasa bosi anastaafu na wanataka nichukue kiti chake. Huku nako kuna kampuni ya nyambizi inatafuta watu wa akustiki (elimu ya sauti), mshahara mnono. Nina viza ya kazi tu. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

ChifuInjinia: Nyambizi sahau kwa sasa. Sauti ya manowari ni siri ya jeshi, maana adui anaitambua kwa hiyo hiyo. Utadaiwa kibali cha usalama, na nafasi nyingi wanataka raia. Baki kwenye meli za biashara, kazi ipo. Tangu Julai 2014 kanuni ya kelele ya IMO, shirika la UN la usafiri wa bahari, ni lazima kwa meli mpya za tani 1,600 za ujazo na kuendelea. Kwenye kebini za kulala, kelele mwisho desibeli 60, na meli ikifika tani 10,000 mwisho 55. Sisi tuliolala juu ya injini za zamani tunajua maana yake.

MwalimuWaZamu: Kumbe kuna watu wanalipwa kusikiliza meli! Na mimi nasikiliza darasa la watoto themanini bure.

BiHaidro: Chukua kiti, mdogo wangu. Kuongoza si lazima kukutoe kwenye mitambo. Kuna meli mmiliki alifunga mipira mipya ya kuzuia mtetemo chini ya jenereta, kelele zikabaki pale pale. Vijana wakahangaika na modeli ya kompyuta. Kiongozi wetu akashuka, akapitisha kiganja kwenye bomba moja baada ya jingine. La maji ya kupoza lilibanwa kwa klampu ya chuma kwenye fremu ya meli, mtetemo ukawa unapita hapo na kuiruka mipira yote. Kikawekwa kipande cha bomba la mpira na klampu laini, kazi ikaisha.

Mtetemo: Asante dada. Kinachonitia wasiwasi ni wamiliki. Namwonyesha mtu grafu, propela ya mapanga manne, mizunguko 120 kwa dakika, vilele vya sauti kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 8, 16, 24, na juu huko vurugu za mapovu yanayozuka kwenye mapanga na kupasuka. Yeye anauliza mafuta tu.

BiHaidro: Ana haki, bili analipa yeye. Ila usimwahidi kuwa propela tulivu itaokoa mafuta. Ukipunguza mzigo kwenye ncha za mapanga mapovu hupungua, na ufanisi nao hushuka kidogo. Kupunguza mwendo kwa kawaida husaidia yote mawili, lakini propela ya kubadili pembe za mapanga ikizungushwa kasi ile ile inaweza hata kuzidi kelele. Kama meli yake inaingia Vancouver, Kanada, mwambie bandari ile tangu 2017 inapunguzia ada meli tulivu kwa ajili ya nyangumi wanaosumbuliwa na kelele. Hapo atakusikiliza.

ChifuInjinia: Na kabla hujasaini, waandike kwamba majaribio ya baharini utaenda mwenyewe, na bajeti na ratiba apewe mtu mwingine.

Mtetemo: Hilo la bajeti nalibeba kwenye kikao cha Ijumaa. Nitaleta mrejesho.