Filamu ikishapigwa mpaka mwisho, kampuni ina haki ya kuificha? Tuanze na kisa cha Padri Merrin kule Turkana

Wadau wa filamu, naleta hoja. Kampuni inamwajiri mwongozaji, anapiga filamu nzima mpaka siku ya mwisho, halafu wenye pesa hawaipendi. Je, wana haki ya kuifungia kabatini asiione mtu? Mimi nasema hawana. Kisa kinachonifanya nishikilie msimamo huu ni cha filamu mbili za kutisha zinazosimulia maisha ya Padri Merrin, yule mpunga pepo, kabla ya yale tuliyoyaona kwenye The Exorcist ya mwaka 1973. Hadithi ya zote mbili inatokea Turkana, kaskazini mwa Kenya, enzi za Mwingereza, kwa hiyo asije mtu akaniambia jambo hili ni la Wamarekani peke yao.

Kwa wasioijua habari yenyewe: kampuni ya Morgan Creek ilimpa kazi kwanza John Frankenheimer, akajitoa, na mwezi Julai 2002 akafariki. Kazi ikamwendea Paul Schrader, yule aliyeandika Taxi Driver. Schrader akapiga filamu yake, Stellan Skarsgård akiwa Merrin. Wakubwa walipoitazama wakaona haitishi. Hawakuishia kupunguza vipande na kuongeza damu. Walimleta mwongozaji mwingine, Renny Harlin, hadithi ikaandikwa upya, waigizaji kadhaa wakabadilishwa, na karibu kila kitu kikapigwa tena, Skarsgård yuleyule na mpiga picha Vittorio Storaro yuleyule. Ya kwanza ilitajwa kugharimu takriban dola milioni 30, na ya pili ikala takriban milioni 50 nyingine. Ya Harlin, Exorcist: The Beginning, ikaingia sinema Agosti 2004. Ya Schrader ikabaki gizani.

Ya Harlin iliingiza takriban dola milioni 78 dunia nzima, na wahakiki waliishambulia vibaya. Hapo kampuni ikamruhusu Schrader amalizie yake kwa pesa za kuokoteza. Machi 2005 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Brussels kwa jina la Dominion: Prequel to the Exorcist, Mei ikapita kwenye sinema chache za Marekani bila kufikisha hata dola laki tatu, na Oktoba mwaka huohuo ikatoka kwenye DVD. Bila diski ile wengi wetu tusingeiona kamwe. Mwaka 2006 kampuni ya Warner ikaziweka filamu zote za mfululizo huo kwenye kasha moja, hizi mbili zikiwa pamoja, na mtu aliyenunua akaweza kuangalia moja usiku wa leo na nyingine kesho, akaamua mwenyewe.

Na cha kuamua kilikuwepo. Filamu zote mbili zinabeba tukio la Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ofisa wa Kinazi anapomlazimisha Merrin achague watu kumi wa kupigwa risasi. Lakini kwa Schrader tukio lile linarudi Turkana likiwa limevaa sare ya Kiingereza. Askari wawili wanakutwa wameuawa kanisani, na meja wao anawageukia wanakijiji akitaka mhalifu, kisha anampiga risasi mwanamke mbele ya watu wake. Mtazamaji wa Kenya au Tanganyika ya zamani hahitaji kufafanuliwa hapo. Mkoloni anawekwa kwenye kiti kilekile alichokalia Mnazi, na pepo linafanya kazi yake ndani ya chuki ambayo watu wenyewe wameshaiwasha. Anayepagawa ni Cheche, kijana mlemavu aliyetengwa na wenzake, na dalili ya kupagawa kwake ni kupona: mwili unanyooka siku hadi siku huku kijiji kikiharibika. Kwangu hilo linatisha kuliko damu yoyote ya kumwaga. Na mwishoni shetani anamrudisha Merrin kwenye siku ile ya Uholanzi, achague tena. Kwa Harlin uzito umehamia kwenye damu, mahandaki na pambano la mwisho.

Turkana yenyewe ilistahili uzito ule. Serikali ya kikoloni iliifanya kaskazini kuwa eneo la kufungiwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali, na ni Lokitaung, hukohuko Turkana, walikomfungia Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria. Inaniuma kwamba filamu hizi zilipigwa Moroko na kwenye studio za Roma, wala si kwenye ardhi wanayoitaja. Lakini angalau Schrader alielewa ukoloni ulikuwa nini.

Sasa hoja za upande wa pili, maana najua zinakuja.

Kwanza watasema aliyetoa pesa ndiye mwenye kauli: fundi ukimlipa meza ni yako, ukitaka uichanje kuni. Nakataa. Meza ukiichanja, fundi anaweza kutengeneza nyingine kama hiyo. Filamu ni miezi ya maisha ya mamia ya watu, na waigizaji walewale hawawi tena na umri ule. Pesa inanunua haki ya kuuza na kupata faida, na hiyo siigusi.

Pili watasema Dominion yenyewe si nzuri kihivyo, watu wanaipenda kwa sababu ilionewa. Ina kasoro kweli. Fisi wa kompyuta wanatia aibu, na sehemu ya katikati inajikokota. Lakini tunajua hayo kwa sababu tuliiona. Filamu mbaya ina haki ya kuhukumiwa na watazamaji, si na watu wachache ndani ya chumba cha mikutano.

Na msidhani ilitokea mara moja tu. Morgan Creek haohao walimlazimisha mwongozaji William Peter Blatty, mwandishi wa riwaya ya The Exorcist, aingize tukio la kumpunga pepo kwenye The Exorcist III ya mwaka 1990. Mashabiki walipotaka toleo lake la awali, picha zake halisi zilikuwa zimepotea. Toleo lililotoka kwenye diski mwaka 2016 lililazimika kuunganishwa kwa vipande vya mikanda ya VHS, picha zenye ukungu katikati ya filamu safi. Kabati la kampuni halitunzi kitu.

Leo hali ni mbaya zaidi. Agosti 2022 Warner Bros. Discovery walitangaza kuwa Batgirl, filamu iliyogharimu takriban dola milioni 90 na iliyokuwa imeshapigwa yote, haitatoka popote, si sinema, si mtandaoni, na hasara ikaingizwa kwenye hesabu za kodi. Zamani diski ilikuwa mlango wa nyuma. Sasa kila kitu kikiwa kwenye seva za mwenye mali, mlango huo haupo.

Ufaransa wameonyesha inawezekana. Sheria yao inahesabu filamu kuwa imekamilika pale mwongozaji na mtayarishaji wanapokubaliana toleo la mwisho, na inakataza kuharibu nakala mama ya toleo hilo. Mimi ningeongeza kipengele: kampuni ikikaa miaka mitano bila kuitoa filamu, nakala iende kwenye hifadhi ya taifa na mwongozaji aruhusiwe kuionyesha.

Nasi tuna la kwetu. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 zilikwenda moja kwa moja kwenye diski, na watengenezaji wengi waliuza haki zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Diski zile zinakwaruzika na kuozea kwenye makabati ya watu. Nakala mama anayo aliyenunua, na akiamua kuzitupa hakuna wa kumwuliza.

Wanaotetea haki ya kampuni naomba mnijibu hili: Dominion kutolewa kwenye DVD kulimpunguzia nani kitu? The Beginning ilishamaliza safari yake ya sinema na ikauzwa kwenye diski zake. Nitajieni hasara moja, nami nitaijibu.