Kikwapa na rolioni zinazowasha: kuna cha nyumbani kinachofanya kazi kweli?

jamaa_wa_gongolamboto
Habari za saa hizi wakuu, naomba msaada na naomba mnicheke taratibu. Mi ni mtu wa jasho toka sekondari, na kazi yangu ni ya kusimama dukani kutwa, duka lenyewe la bati, feni iko moja na imeelekezwa kwa bosi. Nilikuwa napaka rolioni za kawaida ila siku hizi nikipaka tu kwapa zinawasha, vipele, pamekuwa peusi, halafu mashati meupe yote yana njano kwapani hata uloweke vipi haitoki. Nikiacha kupaka, saa nane mchana najisikia mwenyewe, sasa fikiria mteja. Nimeambiwa ndimu, magadi, baking soda, mafuta ya nazi, mwingine kaniambia majivu. Nani katumia kitu cha nyumbani kikakubali na anapaka vipi? Sitaki cha kuagiza nje wala cha bei.

chuma_cha_reli
Ndimu tu mzee. Kata nusu, sugua kwapa, subiri kidogo, oga, kazi imeisha. Bibi zetu rolioni walizitoa wapi na hawakunuka.

kipusa88
Majivu?? Kaka unaosha kwapa au sufuria 😂😂

BintVikokotoni
Shabu kaka yangu, wala usihangaike. Huku Unguja ukienda Darajani kwa wauza dawa na viungo unalikuta, jiwe jeupe linaloonyesha ndani kama barafu, na bei yake haifiki hata rolioni moja. Ukishaoga, kwapa bado ina maji, unalilowesha unalipitisha mara nne tano, utasikia ngozi inakaza, basi unaacha ikauke ndo unavaa. Halina harufu yoyote wala halichafui nguo. Ila ukimaliza lifute likauke, ukiliacha kwenye kisosi chenye maji linayeyuka lote, na usiliangushe kwenye sakafu maana likipasuka ile ncha inakata kama wembe. Vinyozi wanalo siku zote, wanakupitishia kidevuni damu ikitoka.

Udi na liwa mimi napenda na nguo zangu nafukiza kwenye chetezo kila nikitoka, lakini tusidanganyane, udi unawekwa juu ya mwili msafi. Ukifukiza juu ya kikwapa inatoka harufu ya tatu ambayo haina jina.

dawa_na_dozi
Naomba niingilie kwenye ndimu maana hapo watu wanaumia (mi ni mtu wa famasi, nawaona wanavyokuja). Ndimu inapunguza harufu, hilo kweli, kwa sababu ni asidi kali na bakteria hawaiwezi. Lakini ngozi yako ina pH (kipimo cha asidi, 7 ndo katikati, ikishuka ni asidi, ikipanda ni upande wa magadi) ya kama 5 hivi na ndimu iko kwenye 2, sasa umenyoa asubuhi halafu unasugua ndimu, utaruka sarakasi. Kibaya zaidi ni ndimu na jua, yale maji yana kemikali ambayo jua likiipiga ikiwa kwenye ngozi inaunguza, unatoka malengelenge na baadae weusi unaokaa wiki mpaka miezi. Wanaovaa vesti kwenye bodaboda wajihadhari. Magadi ndo usiguse kabisa, hayo ni ya kulainishia maharage, pH yake inagonga 10 hivi. Baking soda iko kama 8, ni ndugu yake mpole, ila mpole ukilinganisha na magadi, sio kwa kwapa lililochubuka kama lako.

Halafu watu wanachanganya jasho na harufu. Jasho likitoka halinuki. Tezi ziko aina mbili, kuna za mwili mzima zinazotoa maji na chumvi ili upoe, na kuna za kwapani na sehemu za siri zinazoamka ukibalehe, hizo zinatoa kitu kizito chenye mafuta na protini. Bakteria wanaokaa kwenye ngozi ndo wanakila, na unachonusa ni mabaki yao. Ndo maana mtoto wa miaka 6 anacheza mpira juani kutwa nzima na kikwapa hana. Kwa hiyo unachopaka lazima kipunguze bakteria, au kikaushe, au kizibe jasho. Pafyumu peke yake haifanyi hata kimoja hapo.

Wewe kwa sasa acha KILA KITU mpaka ngozi ipone, hata hilo shabu. Maji, sabuni isiyo na manukato, jikaushe vizuri, basi. Isipopona nenda ukaangaliwe, inaweza kuwa aleji ya manukato ya rolioni, inaweza kuwa fangasi, na fangasi huitibu kwa nazi.

chuma_cha_reli
Sawa daktari ila mi ndimu natumia miaka na ngozi iko poa tu

dawa_na_dozi
Sijasema wote wanaungua mkuu. Ila yeye kashasema ana vipele.

mamake_zuu_msa
Salaam kutoka Mombasa. Mimi hutengeneza ya kwangu mwenyewe na wanangu watumia. Kwanza niwaambie, zile risipi za Wazungu mnazoziona mitandaoni wasema changanya mafuta ya nazi na unga yatashikana yenyewe kwenye kikopo, kwao yatashikana, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, sasa hapa kwetu hiyo ni lini? Ukiyaweka mezani ni maji matupu, ukitia mkobani yamwagika yote kwa kitambulisho. Kwa hivyo lazima utie nta ya nyuki. Mimi hutia vijiko vinne vya chakula vya mafuta ya nazi na kimoja cha nta niliyoikwaruza, naweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto mpaka iyayuke, nikishaepua natia konflawa vijiko vitatu na baking soda kijiko kidogo cha chai, ng'o usizidishe, nakoroga mpaka ianze kuwa nzito ndipo namimina kwenye kikopo. Wapaka kiasi cha punje ya mahindi kwa kidole. Mwenye ngozi nyepesi aiache baking soda kabisa atie konflawa tu, harufu itarudi mapema kidogo lakini hutawashwa. Na mafuta ya karafuu msitie kwa pupa ati yanukia, yachoma hayo.

Ubaya wake ni mmoja, nguo ya hariri au shati jepesi litashika mafuta. Ngoja dakika kadhaa kabla ya kuvaa.

jamaa_wa_gongolamboto
Asanteni sana, mama wa Mombasa shikamoo. Swali, nimesoma sehemu kwamba ubaya wa rolioni ni alumini na inaleta kansa. Sasa hilo shabu si nalo lina alumini? Au nimeelewa vibaya?

dawa_na_dozi
Umeelewa vizuri, na hapo wauzaji wengi wa vitu vya asili hawapagusi. Shabu ni chumvi ya potasiamu na alumini, kuchimbwa ardhini hakuiondolei alumini. Tofauti ni kwamba rolioni za kuzuia jasho zina aina nyingine ya alumini inayoziba vile vitundu jasho lisitoke, shabu yenyewe inakaza ngozi na kuwabana bakteria, kwa hiyo shati litalowa kama kawaida ila hutanuka. Usitegemee kukauka. Kuhusu kansa, mpaka leo tafiti hazijathibitisha. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo ndo aulize daktari wake kwanza kabla ya kupaka chochote chenye alumini.

fundi_nguo_sinza
Hakuna aliyesema kuhusu nguo, na nusu ya tatizo iko hapo. Mashati ya poliesta yanashika harufu kuliko pamba, unafua, unaanika, linanukia, ukilivaa tu likapata joto kikwapa cha juzi kinarudi. Hiyo njano mara nyingi ni ile alumini ya rolioni ikichanganyika na jasho, na ukiweka dawa ya klorini unaizidishia. Loweka kwapa la shati kwenye siki nyeupe na maji nusu saa, suuza, halafu baking soda ikorogwe iwe nzito usugue na mswaki wa zamani. Ya zamani sana haitatoka yote, nisikudanganye. Nunua pamba mkuu hata za mtumba.

BintVikokotoni
Na nyoa!! Nywele zinabakisha jasho na hakuna dawa inayofika chini. Sie Waislamu tumeshawekewa mwisho wake, zisipite siku 40, na kwa joto hili mimi sifiki huko. Ila shabu ukinyoa leo pitisha kesho.

jamaa_wa_gongolamboto
Nimenyoa jana usiku, kumbe nimejiokoa kutopaka ndimu 😅 Kariakoo shabu naulizia wapi?

kipusa88
Wale wanaouza hina, habasoda na vitu vya kufukiza, wote wanalo. Sema unataka la jiwe la kupaka mwilini, usipewe la ungaunga la kusafishia maji, hilo linakwaruza. Na umuombe bosi feni igeuke bana.

jamaa_wa_gongolamboto
Bosi hajui kama nanuka, nikiomba feni atajua

kipusa88
Kaka anajua.